Mwalimu Nyerere, jembe lake na ngitili ya babu yangu



Vijana wenzangu, tarehe 14 Oktoba inakaribia, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, na mwaka huu zamu ya kuandika juu yake imeniangukia mimi. Nimekubali. Ila naomba nianze na aibu yetu wenyewe, sisi vijana wa kigango hapa Kasoli, wilaya ya Bariadi.

Mwaka juzi tuliamua kuadhimisha Siku ya Nyerere kwa kupanda miti. Tukachanga hela, tukanunua miche 200 mjini Bariadi, tukachapisha fulana zenye picha ya Mwalimu. Baada ya Misa tukaenda na majembe nyuma ya kanisa, tukapanda, tukapiga picha, tukala pilau, tukaondoka. Sasa wewe unayeijua Simiyu unajua Oktoba ikoje. Jua linachoma, udongo wa mbuga umepasuka kiasi kwamba mkono unaingia kwenye ufa, na mvua bado haijaamua kuja. Ratiba ya kumwagilia tuliiandika vizuri sana kwenye daftari, na daftari likabaki kwa katibu. Mbuzi walifika wiki ya kwanza. Kufika Krismasi, katika ile miche 200 tulikuwa na 11, na miwili kati ya hiyo mpaka leo nashuku ilikuwa magugu.

Babu yangu hakutucheka mbele ya watu. Alinichukua jioni moja nyuma ya mji wetu, kwenye eneo tunaloliita ngitili, akanionyesha kisiki ambacho nimekikanyaga tangu nikiwa mtoto nachunga ng'ombe. Kilikuwa kimetoa machipukizi manne. Akanieleza taratibu kwamba mti ule haukuhitaji mtu wa kuupanda. Mizizi yake iko chini siku zote. Ulichohitaji ni ng'ombe wazuiwe na mwenye panga ajizuie. Halafu akaongeza jambo lililonikosesha usingizi: kwamba yule mzee niliyemvaa kifuani ana mkono wake katika kupotea kwa miti ya Usukuma, na ana mkono wake pia katika kurudi kwake.

Mimi nilimjua Nyerere wa kwenye noti na wa kwenye hotuba za redioni. Huyu wa babu sikumjua. Ndiyo nikaanza kusoma.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kule Butiama, kwa Wazanaki. Si mbali na sisi: ukitoka Bariadi unashuka Lamadi, unapita Bunda, unafika. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi. Siku aliyozaliwa mtoto ilinyesha mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Kwa mtu wa huku kwetu, ambako kila mazungumzo ya Novemba huanza na mvua na kuishia kwenye mvua, hilo ni jina zito.

Mtoto wa mtemi alichunga mbuzi kama watoto wengine. Shule aliianza akiwa na miaka 12, Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na baadaye akapelekwa Tabora. Dini ya Kikristo hakuikuta nyumbani, aliitafuta mwenyewe. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21 aliyeanza masomo Makerere, alibatizwa katika misheni ya Nyegina karibu na Musoma na kuchukua jina Julius. Naomba msipite haraka hapa. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa tunalia mikononi mwa wazazi. Yeye alikuwa na umri kama wangu, amesoma, anajua anachokifanya. Na tangu hapo hadi uzeeni, akiwa kijijini au Ikulu, alikuwa mtu wa Misa ya asubuhi, hata siku za kazi.

Alifundisha shule ya St. Mary's Tabora kwa Mapadri Weupe, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Nyumbani watu walitegemea kumwona bwana mkubwa. Yeye akaanza kujenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, matofali na yote, kwa ajili yake na mchumba wake Maria, waliyefunga naye ndoa Januari 1953. Msomi kushika udongo! Enzi hizo mtu alikwenda shule ili asishike udongo tena. Tuseme ukweli, hata enzi hizi.

Siasa mnaijua, siirudii yote. TANU, Julai 1954. Mwaka 1955 akaacha ualimu Pugu ili asiwe na mabwana wawili, akarudi Butiama bila mshahara. Kipindi hicho alijipatia riziki kwa kumfundisha Kizanaki padri mmoja wa shirika la Maryknoll, na kutafsiri sehemu za Maandiko Matakatifu kwa lugha hiyo ya mama yake. (Maryknoll hao hao ndio waliokuja kufanya kazi katika Jimbo la Shinyanga, wazee wetu wanawakumbuka.) Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Miezi mitatu kabla, Septemba, alikuwa ametoa pale Arusha tamko la kuahidi kwamba nchi huru ya Waafrika itawatunza wanyamapori na misitu yake. Wakati huo wako watu waliodhani Mwafrika akipewa nchi atamaliza tembo.

Sasa nifike kwenye jembe.

Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Nimesoma andiko hilo mara tatu, na kila mara naona jinsi tulivyofundishwa vibaya juu yake. Mimi nilidhani Elimu ya Kujitegemea ni shamba la shule, yaani lile tulilolimishwa tukichelewa namba. Shuleni kwetu ukichelewa unapewa mita kumi za kulima, ukiongea darasani unamwagilia mchicha wa mwalimu. Tukatoka pale tukijua jambo moja tu: jembe ni adhabu. Eti ndiyo elimu ya Nyerere!

Kumbe yeye alitaka kitu tofauti kabisa. Alitaka shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wenyewe wanalipanga. Waamue walime nini, wawekaje mbolea, faida waifanyie nini, waandike hesabu, na wakikosea wale hasara ya makosa yao. Alionya wazi kwamba watoto wasigeuzwe vibarua. Na kuna sehemu aliyogusa wazee: alilalamika kwamba shule zinamfundisha kijana kuamini kuwa ujuzi wote uko kwenye vitabu, hivyo anamdharau baba yake ambaye anajua udongo, mbegu na dalili za mvua. Hapo nilikiona kile kisiki cha babu. Tafadhali kumbukeni sehemu hii ya wazee, nitairudia.

Oktoba ya mwaka huo huo alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuonyesha kwamba Azimio si maneno. Ni barabara ya kando ya ziwa, hapo Lamadi tunapobadilishia magari. Rais wa nchi, juani, kwa siku nane. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kukaa na wanakijiji wa Chamwino, Dodoma, akafyatua nao matofali na kulima. Mtu akiniambia kwamba ilikuwa kujionyesha, namjibu kwamba inawezekana, lakini nani kati yetu amejionyesha kwa kufyatua matofali hata siku tatu?

Elimu yake haikuishia kwa watoto. Wakati ule karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma. Kanda yetu hii ya ziwa, Shinyanga ikiwemo (na sisi Bariadi tulikuwa Shinyanga, Mkoa wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012), ilichaguliwa kwa majaribio ya kisomo kwa msaada wa UNESCO kuanzia mwaka 1968. Mkulima wa pamba hakuanza na habari za mtoto kucheza mpira. Kitabu chake cha kwanza kilizungumzia pamba, na pembeni ya darasa kulikuwa na shamba la mfano. Anasoma neno mbolea, anatoka nje anaishika mbolea. Bibi yangu alijifunza kuandika jina lake katika madarasa ya kisomo, na hadi leo akishika kalamu anaishika kama mwiko.

Halafu zikaja kampeni za redio. Mwaka 1973 ilikuwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, msomaji mmoja anasoma na wengine wanauliza. Kipindi kikiisha hawaendi kulala. Wanachimba choo, wanafyeka majani yaliyozunguka nyumba, wanafukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, ikazungumzia lishe, bustani za mboga na ufugaji. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali. Nikisoma habari za vikundi vile naona kabisa jumuiya zetu ndogo ndogo: watu kumi na tano chini ya mwembe, neno linasomwa, halafu linatafutiwa kazi ya kufanya kabla ya wiki kwisha. Tofauti ni kwamba sisi siku hizi mara nyingi tunaishia kwenye kusoma, kisha tunachukua mchango.

Ningeweza kuishia hapa nikawa nimeandika habari njema ya mtu mwema. Babu asingenisamehe.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 Watanzania wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Nia yake mnaweza kuielewa. Watu waliotawanyika porini utawapelekeaje shule, zahanati, maji ya bomba? Lakini kilichofuata, kile kilichoitwa Operesheni Vijiji, kilifanywa kwa haraka na sehemu nyingi kwa nguvu. Zaidi ya watu milioni 10 walihamishwa au kujikuta ndani ya vijiji vipya ndani ya miaka michache. Kuna mahali nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Hilo lipo kwenye vitabu vya historia, na Mkristo hatakiwi kuliruka kwa sababu tu anampenda mtu.

Kwa Usukuma kulikuwa na hasara nyingine isiyoonekana haraka, na hapa ndipo inabidi niwaeleze ngitili ni nini, kwa ninyi wa Moshi na Dar.

Msukuma ana ng'ombe, na kiangazi chake ni kirefu, Juni mpaka Oktoba. Basi wazee walikuwa na desturi hii: mvua zikianza, unatenga sehemu ya ardhi karibu na mji wako na kuifunga. Ng'ombe haingii. Majani yanakua, migunga na mikwaju inachipua. Wakati wote huo mifugo inakula kwingine. Kiangazi kikikolea, kwingine kumebaki vumbi, ndipo unaifungua ngitili, tena kipande kwa kipande, wanaanza ndama na ng'ombe wagonjwa. Hapo hapo unapata kuni, nguzo za nyumba, dawa, asali, uyoga. Kuna ngitili ya familia na kuna ya kijiji. Hakuna ukuta. Ulinzi ni heshima na faini, na mkutano wa wazee unaoitwa dagashida ndio wenye sheria.

Misitu ya Usukuma ilikuwa imeanza kuliwa zamani, tuwe wakweli. Wakoloni walifyeka mapori makubwa tangu miaka ya 1920 ili kuua mbung'o. Halafu pamba ikataka mashamba, na mifugo ikaongezeka. Lakini ngitili zilikuwa zimebaki kidogo kwa sababu kila mji ulikuwa na yake. Ukimhamisha mtu kutoka mji wake, ngitili inabaki haina mwenyewe. Aliyefungia majani kwa miaka ishirini anapewa kiwanja kwenye mstari ulionyooka, na miti aliyoitunza inakuwa ya yeyote mwenye shoka. Na watu mia kadhaa waliowekwa pamoja wanahitaji kuni za mahali pamoja. Baada ya miaka michache unatembea nusu siku kutafuta kuni, na mwisho mnachoma kinyesi cha ng'ombe kilichotakiwa kwenda shambani.

Kwa hiyo mtu aliyeandika mwaka 1967 kwamba kijana asiudharau ujuzi wa mzee, serikali yake miaka saba baadaye haikumuuliza mzee kabla ya kumhamisha. Nilipoiona hiyo nilifunga kitabu. Sikujua niombe nini.

Nilimpelekea katekista wetu swali langu, kama inafaa kumwomba Mungu kupitia mtu wa namna hiyo. Alinikumbusha kwamba hata Petro alikosea baada ya kupewa funguo. Kumwita mtu Mtumishi wa Mungu, akasema, ni kusema maisha yake yanachunguzwa, na hakuna anayetangaza kwamba hakukosea. Watu waliowekwa kizuizini bila kesi wakati wa utawala wake nao wamo katika uchunguzi huo. Akanishauri nisome miaka yake ya mwisho madarakani kabla sijaamua lolote.

Nikaisoma. Mwaka 1984 Mwalimu alikiri hadharani kwamba kulikuwa na mambo ambayo angeyafanya tofauti kama angerudishwa nyuma. Alitaja mawili: kufuta serikali za mitaa, na kuvunja vyama vya ushirika vya wakulima mwaka 1976. Kwa watu wa pamba hilo la ushirika halikuwa dogo, maana wakulima wa kanda hii walikuwa wamejenga vyama vyenye nguvu kabla hata ya uhuru. Mnajua marais wangapi walioko madarakani wanaotaja makosa yao kwa majina?

Katikati ya miaka hiyo ya 1980 alifanya ziara mkoani Shinyanga. Aliona ardhi tupu, makorongo, ng'ombe waliokonda, vumbi. Alishtuka, akasema waziwazi kwamba mkoa unageuka jangwa. Ziara hiyo ndiyo iliyozaa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Yeye mwenyewe alikuwa ameshang'atuka Novemba 1985. (Neno hilo la kung'atuka alilileta mwenyewe kutoka Kizanaki, mjue tunapolitumia.)

Nanyi mtafurahi kusikia kwamba HASHI nao walianza kama sisi vijana wa Kasoli. Walianza na vitalu, miche, miti mingine ya kigeni. Wakulima waliitazama. Baadaye wataalamu wakakaa chini na wazee, wakauliza watu wa hapa walikuwa wakifanyaje zamani, na jibu likawa neno moja: ngitili. Kuanzia hapo kazi ikageuka. Walitumia semina, sinema, maigizo vijijini, wakulima wakatembeleana kuona ya wenzao. Dagashida zikarudishiwa nguvu ya kutoza faini, sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki katika mkoa wote wa Shinyanga wa wakati ule zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mradi ulifungwa mwaka 2004 lakini ngitili hazikufungwa, kwa sababu hazikuwa mali ya mradi. Ya babu ilianzia kipindi hicho. Alikuwa ameiona ya baba yake ikiisha, akajua pa kuanzia.

Simpi Mwalimu sifa zote za hekta hizo. Waliozirudisha ni wakulima na wafugaji ambao majina yao hayapo kwenye noti. Alichofanya yeye ni kuja, kuona kwa macho yake hali ya nchi aliyoitawala kwa zaidi ya miaka 20, na kutogeuza uso. Nimeungama mara nyingi maishani, na najua kwamba kutaja dhambi ni nusu nyepesi. Kitubio kinachokurudisha mahali ulipoharibu ndicho kinachochoma.

Baada ya kung'atuka alirudi Butiama kulima. Rais mstaafu, shambani kwake, kama mzee yeyote wa Mara. Alifanya na kazi nyingine ambayo sisi Wakatoliki hatuijui vya kutosha: alizitafsiri Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, maelfu ya beti, ili watu waweze kuziimba. Nikimwaza mzee anayeshinda na jembe asubuhi na Injili ya Luka mchana, akihesabu mizani ya beti, naona mtu aliyetulia. Dunia haikumwacha apumzike, kuanzia mwaka 1996 akawa anasuluhisha Warundi pale Arusha. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama, Mwitongo, kwenye mji wa baba yake, kati ya mawe makubwa na miti.

Jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu mwaka 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Kila tarehe 1 Juni watu hukusanyika Namugongo, Uganda, kumwombea. Alikufa miaka 16 kabla ya Papa Fransisko kutoa Laudato Si', ule waraka juu ya kutunza nyumba yetu ya pamoja. Ukivisoma pamoja na andiko lake la 1967 utaona wanakutana sehemu nyingi, hasa pale wanapokataa mtu atenganishe kilio cha ardhi na kilio cha maskini.

Sasa turudi nyuma ya kanisa la Kasoli.

Mwaka jana hatukununua mche hata mmoja. Tulienda kwa wazee wa kigango na mgolole wa shukrani kwa mzee wa dagashida (ushauri wa babu), tukaomba watuonyeshe mipaka ya lile eneo na watutungie sheria. Wakatucheka kidogo, wakakubali. Mvua zilipoanza tukapanda minyaa kuzunguka nusu eka, na mbuzi wa jirani hawaipendi minyaa hata kidogo. Watoto wa Utoto Mtakatifu wakapewa kazi ya kuhesabu visiki vilivyo hai. Walivipata 47, katika uwanja ule ule tuliokuwa tumeukatia tamaa. Kila kisiki kina mtoto wake. Babu aliwafundisha kuchagua chipukizi moja au mawili yaliyonyooka, mengine wayapogoe, na yale yaliyopogolewa yaende jikoni. Yapo yaliyonipita kimo. Wataalamu wa Dodoma wanaita njia hiyo kisiki hai, babu haiiti chochote, anasema ni kufuga mti.

Pembeni tuna bustani: magunia sita ya mchicha na figiri yanayokunywa maji ya kuoshea vyombo vya jikoni kwa katekista, na shimo la mboji tunalogeuza kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Mboji ya kwanza ilitushinda, ilinuka mpaka Baba Paroko akauliza wakati wa mahubiri kuna nini. Tulikuwa tumejaza samadi mbichi bila majani makavu. Ya pili imekaa vizuri. Mashaka yangu makubwa kwa sasa ni mwisho wa kiangazi hiki, maana majani ya nusu eka yetu ndiyo mabichi pekee upande huu wa kigango, na kuna wenye ng'ombe ambao wameshaanza kupita karibu wakitazama. Wazee wamepanga kwamba wakati wa kufungua ukifika, kipande cha kwanza watakula ng'ombe wa mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, mwenye ng'ombe wawili tu.

Tarehe 14 Misa ni saa moja asubuhi. Baadaye tunapogoa, babu atakuwepo na kigoda chake. Njooni na panga dogo na maji ya kunywa. Fulana hatujachapisha.